Jibu Lisiloonekana: Maoni juu ya Usimamizi wa Majibu katika Mitandao ya Jamii Iliyogatuliwa

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu usimamizi wa mazungumzo katika mitandao ya jamii umekuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wanasheria na wahandisi wa kompyuta. Wanasheria huuliza ni nani mwenye haki ya kusema. Wahandisi huuliza ujumbe upitie njia gani na uhifadhiwe wapi. Swali la tatu, ambalo kwa asili yake ni la wanaisimu, halijapewa uzito unaostahili: jibu ni nini hasa, na hubaki na maana gani linapotengwa na kauli linayoijibu?

Swali hili limepata umuhimu mpya kutokana na kukua kwa mitandao ya jamii iliyogatuliwa, yaani mitandao ambayo imejengwa ili isitegemee mamlaka ya kampuni moja. Mastodon, programu iliyotolewa mwaka 2016 na Eugen Rochko nchini Ujerumani, hutumiwa na maelfu ya seva zinazojitegemea, kila moja ikiwa na msimamizi wake na kanuni zake. Seva hizo huwasiliana kwa itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo iliidhinishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwezi Januari 2018. Bluesky, mtandao uliofunguliwa kwa watu wote bila mwaliko mwezi Februari 2024, hutumia itifaki nyingine iitwayo AT. Katika mitandao ya aina ya Mastodon, hakuna ofisi moja inayoweza kuulizwa iwapo majibu yanayoonekana ndiyo majibu yote yaliyotolewa. Kila msomaji huuona uzi wa mazungumzo kwa kadiri seva yake ilivyoupata, na kwa kadiri msimamizi wake alivyouchuja.

Makala haya yanadai kwamba mwenye kauli anayo haki ya kuamua ni majibu gani yakae chini ya kauli yake. Lakini yeye, na hata msimamizi wa seva, hana haki ya kumfanya msomaji aamini kwamba majibu mengine hayakupata kutolewa. Kuficha jibu kunaweza kuwa na sababu njema. Kuficha kwamba kuna jibu lililofichwa ni jambo la aina nyingine kabisa, na ndilo linalostahili kupingwa. Ili kuutetea msimamo huu, itabidi kwanza kulitazama jibu kama tendo la lugha, kisha kutazama mahali linapokaa katika mitandao hii, na hatimaye kuyachambua maneno yanayotumika kueleza kuzuiwa kwake.

2.0 Jibu kama Tendo la Lugha

Schegloff na Sacks (1973) walionyesha kwamba mazungumzo ya binadamu hujengwa kwa jozi za semi zinazopakana, ambapo sehemu ya kwanza huifanya sehemu ya pili itarajiwe. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mfano wa mbali. Anayepiga hodi hutarajia kuitikiwa "karibu". Isipoitikiwa, kimya hicho hakiwi utupu. Huwa na maana. Huenda mwenye nyumba hayumo, huenda amelala, au huenda hataki mgeni. Kwa hiyo, kutokuwapo kwa sehemu ya pili ni habari yenyewe, na msikilizaji yeyote mwenye akili timamu huifasiri.

Jambo la pili ni kwamba jibu huitegemea kauli ya kwanza kisarufi. Vionyeshi vya urejeleo vya Kiswahili, kama huyo, hilo, hiyo na hicho, hudai kwamba kilichotajwa kinajulikana tayari na wanaozungumza. Anayeandika "Hilo si kweli" ameleta kiambishi cha ngeli bila kuleta nomino. Huenda anakusudia neno, jambo au dai. Nomino imo katika kauli iliyotangulia, wala si katika jibu. Likiondolewa mahali pake, jibu hilo hubaki na upatanisho usio na kinachopatanishwa. Hali ni mbaya zaidi kwa majibu ya neno moja, kama "Uongo" au "Kabisa", ambayo hayana hata kiambishi cha kumsaidia msomaji.

Si kila utamaduni wa kujibizana umejengwa hivi. Katika malumbano ya mashairi ya Kiswahili, tangu enzi ya Muyaka wa Mombasa katika karne ya 19 hadi kurasa za mashairi za magazeti ya karne ya 20, mshairi anayejibu kwa kawaida humtaja anayemjibu au hulirudia suala lenyewe, na mara nyingi hufuata bahari ile ile. Jibu la namna hiyo hubeba ndani yake kiungo chake na kauli ya kwanza. Linaweza kuchapishwa wiki kadhaa baadaye, au kusomwa na mtu ambaye hakuliona shairi la kwanza, na bado likaeleweka kuwa ni jibu na likajulikana linajibu nini. Jibu la mitandao ya jamii halina uwezo huo. Kiungo chake kimo katika mashine. Mashine ikikata kiungo, jibu huwa limekatwa pia.

Jambo la tatu linahusu wasikilizaji. Goffman (1981) alitenganisha msikilizaji anayelengwa, wasikilizaji wengine waliokubaliwa katika mazungumzo, na wapita njia wanaosikia bila kualikwa. Katika mitandao ya jamii, jibu huelekezwa kwa mwenye kauli, lakini mara nyingi halikuandikwa kwa ajili yake. Daktari anayesahihisha dai la uongo kuhusu chanjo hatarajii kumgeuza aliyelitoa dai hilo. Anamwandikia msomaji wa tatu ambaye bado hajaamua. Vivyo hivyo, anayemtukana mtu hadharani mara nyingi huandika ili wengine wacheke. Msomaji huyo wa tatu ndiye kiini cha suala hili, na ndiye ambaye husahauliwa mara kwa mara mjadala unapowekwa kati ya msemaji na mjibu peke yao.

3.0 Mahali Jibu Linapokaa

Tatizo la majibu yasiyofika si jipya. Usenet, mtandao uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, na ulioanza kazi mwaka 1980, nao haukuwa na kitovu. Kila kituo kilihifadhi nakala yake ya ujumbe, na ujumbe ulipitishwa kutoka mashine hadi mashine. Ilitokea jibu likafika kabla ya kauli linayoijibu, au likafika na kauli isifike kabisa. Watumiaji walijifunza kunakili maneno wanayoyajibu na kuyaweka juu ya jibu lao, kila mstari ukiwa na alama pembeni. Desturi hiyo ilikuwa ya lazima kwa sababu haikuwezekana kudhani kwamba msomaji ameiona kauli ya kwanza. Kwa njia yao wenyewe, walifanya kile ambacho washairi wa malumbano walikuwa wakikifanya zamani: walikitia kiungo ndani ya jibu.

Mitandao iliyogatuliwa ya leo imerithi tatizo la Usenet bila kurithi desturi yake. Kwa mujibu wa ActivityPub, jibu ni chapisho kamili linalojitegemea. Hukaa katika seva ya aliyeliandika, wala si katika seva ya mwenye kauli, na huwa na alama inayotaja chapisho linalojibiwa. Kisha hupelekwa kwa wanaotajwa ndani yake na kwa wafuasi wa mjibu. Msomaji aliye katika seva ya tatu, ambayo haina mfuasi hata mmoja wa mjibu huyo, anaweza kuiona kauli na asilione jibu. Waandishi wa itifaki hiyo walilijua tatizo hili, wakalipa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "majibu mizuka". Waliweka utaratibu wa seva ya mwenye kauli kuyapitisha majibu kwa wasomaji wake, lakini kwa masharti maalumu. Kwa miaka mingi watumiaji wa Mastodon wamezoea kuambiwa kwamba anayetaka kuuona uzi wote aende akausome katika seva ulikoanzia. Toleo la 4.5 la Mastodon, lililotolewa mwezi Novemba 2025, limepunguza pengo hilo kwa kuiwezesha seva kwenda kuyatafuta majibu inayoyakosa. Hata hivyo, utaratibu huo haugusi majibu ambayo msimamizi ameyazuia kwa makusudi, wala yale ambayo mjibu mwenyewe ameyafungia kwa wafuasi wake.

Bluesky imefuata njia nyingine. Humo kila mtumiaji ana hazina yake ya maandishi, na huduma inayokusanya maandishi ya hazina zote ndiyo inayoupanga uzi na kumwonyesha msomaji. Mwenye kauli anaweza kuweka katika hazina yake mwenyewe kanuni inayosema ni nani anayeruhusiwa kumjibu: wote, wafuasi wake, watu aliowataja, au pasiwe na mtu yeyote. Jibu linalokiuka kanuni hiyo halifutwi. Likiwa limeandikwa, hubaki katika hazina ya mjibu, ila halionyeshwi ndani ya uzi. Tangu mwezi Agosti 2024 mwenye kauli anaweza pia kuficha jibu moja moja baada ya kutolewa. Jibu lililofichwa hivyo huwekwa nyuma ya pazia lenye maelezo, na msomaji anayetaka huweza kulifungua na kulisoma. Tofauti kati ya pazia lenye maelezo na ukuta usio na alama ni ndogo kwa mhandisi, lakini kwa msomaji ni tofauti kati ya kuambiwa na kudanganywa.

4.0 Kufuta, Kuficha, Kuzuia, Kunyamazisha

Mkanganyiko mkubwa katika mjadala huu unatokana na msamiati. Vitendo vinne tofauti huitwa kwa majina yanayobadilishana, na lawama inayostahili kitendo kimoja hutupiwa vingine. Kiswahili kinavyo vitenzi vinne vinavyoweza kuvitenga, mradi vitumike kwa uangalifu.

Kufuta ni kuliondoa jibu lenyewe lisiwepo tena. Katika mitandao iliyogatuliwa, anayeweza kufanya hivyo kwa ukamilifu ni mwandishi wake au msimamizi wa seva ya mwandishi. Seva nyingine zinaweza kuondoa nakala zao tu. Kuficha ni kuliondoa jibu katika uzi fulani huku likiendelea kuwepo kwingine. Kitenzi hiki hakisemi chochote kuhusu msemaji. Kinasema kuhusu mahali. Kuzuia ni kukata uhusiano kati ya watu wawili au kati ya seva mbili, ili mmoja asimfikie mwingine.

Kitenzi cha nne, kunyamazisha, ndicho chenye matatizo. Kimofolojia ni kauli ya kusababisha ya kunyamaza: anayenyamazishwa hufanywa anyamaze. Lakini kitendo ambacho programu nyingi hukiita kwa jina hilo hakimfanyi mtu yeyote anyamaze. Aliyenyamazishwa huendelea kusema kama kawaida, na wengine wote humsikia. Aliyebadilika ni msikilizaji mmoja ambaye ameamua asimsikie. Hicho si kuziba mdomo wa mwingine, bali ni kuziba masikio ya nafsi. Tafsiri hii ya moja kwa moja imezaa hoja mbovu. Mtumiaji anaposoma kwamba "amenyamazishwa", hudhani haki yake ya kusema imeporwa, hali haki iliyotumika ni ya mwenziwe ya kutosikiliza. Ingefaa wanaounda istilahi, na hasa Baraza la Kiswahili la Taifa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watafute neno linalomtazama msikilizaji. Kupuuza lingefaa zaidi kuliko kunyamazisha, kwa kuwa anayepuuzwa hana budi kujua kwamba bado anao uhuru wa kusema.

Vitenzi hivi vikitengwa, madai mengi huanguka yenyewe. Anayelalamika kwamba mwenye kauli "amemnyamazisha" kwa kuficha jibu lake, ukweli ni kwamba ameondolewa mahali, hakuondolewa sauti. Bado anaweza kuiandika hoja yake katika ukurasa wake, kuwasomea wafuasi wake, na kuitaja kauli anayoipinga. Alichokikosa ni kukaa barazani kwa mwenziwe.

5.0 Kimya cha Uongo na Tusi Lisiloonekana

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuishia hapo na kusema kwamba hakuna aliyedhulumiwa. Madhara yapo, na ni ya aina mbili zinazokwenda kinyume.

La kwanza ni kimya cha uongo. Ichukuliwe kwamba mtu anatoa dai kwamba dawa fulani ya mitishamba inaponya kisukari na kwamba mgonjwa aache insulini. Watu kumi wenye ujuzi wanamjibu na kueleza kwamba mgonjwa anayeitegemea insulini akiiacha anaweza kufa. Msomaji aliye katika seva ndogo anaiona kauli na jibu moja tu la kuishukuru. Yeye hufasiri kama anavyofasiri mlango usioitikiwa: hakuna aliyepinga, kwa hiyo hakuna la kupinga. Kimya hicho hakikusababishwa na mtu yeyote mwenye nia mbaya. Kimetokana na ukweli kwamba seva yake haikupata majibu kumi. Lakini kimaana kinatenda kazi ile ile ambayo kingetenda kama kingepangwa.

La pili ni tusi lisiloonekana. Katika Mastodon mtu anaweza kumjibu mwenziwe kwa chapisho linaloonekana na wafuasi wa mjibu tu pamoja na anayetajwa. Mwenye nia mbaya akiitumia nafasi hiyo, aliyelengwa hulipokea tusi, genge la mtusi huliona na kulicheka, na hadhira yote iliyobaki huona uzi safi. Tangu mwishoni mwa 2022, wengi walipohamia Mastodon baada ya Elon Musk kuinunua Twitter, watumiaji weusi wamelalamika mara kwa mara kwamba wanapoeleza matusi ya kibaguzi wanayopokea, wenzao huwajibu kwamba hawajayaona. Wenzao hao husema kweli kuhusu walichokiona, lakini hukosea wanapohitimisha kwamba kisichoonekana hakipo. Hivyo aliyetukanwa hulazimika kubeba mizigo miwili, ule wa kutukanwa na ule wa kuthibitisha.

Kuna pia sura ya tatu, iliyo kinyume cha hiyo. Mtu anapomzuia mtusi katika mitandao inayotumia ActivityPub, yeye huacha kumwona, lakini majibu ambayo mtusi huyo ameyatundika chini ya kauli zake yanaweza kuendelea kuonekana na wasomaji wa seva nyingine. Mwenye baraza amefunga dirisha lake, na nje ya dirisha hilo kelele inaendelea chini ya jina lake mwenyewe.

Katika hali zote tatu chanzo ni kimoja. Msomaji hufasiri kutokuwapo kwa jibu bila kujua kama ni kutokuwapo kwa kweli. Kuongeza majibu yanayoonekana hakutatui hali ya tatu, na kupunguza majibu hakutatui ya kwanza. Linalosaidia katika zote ni msomaji kuarifiwa.

6.0 Haki ya Kujibu na Haki ya Mahali

Historia ya sheria za magazeti inasaidia kuliona suala hili vizuri zaidi. Sheria ya vyombo vya habari ya Ufaransa ya tarehe 29 Julai 1881, kifungu cha 13, ilimpa mtu aliyetajwa gazetini haki ya kujibu, na ikaagiza kwamba jibu lichapishwe mahali pale pale na kwa herufi zile zile za makala yaliyomtaja. Watunga sheria hao walitambua kwamba jibu lililotupwa ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo si jibu kamili. Kwao mahali palikuwa sehemu ya haki yenyewe.

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kinyume mwaka 1974 katika shauri la Miami Herald dhidi ya Tornillo. Sheria ya jimbo la Florida iliyolilazimisha gazeti kuchapisha jibu la mgombea lililomshambulia ilibatilishwa, kwa hoja kwamba kumlazimisha mhariri kuchapisha asichokitaka ni kuingilia uhuru wake. Kwa mtazamo huo, mahali ni pa mwenye gazeti.

Kila upande ulikuwa na sababu. Wafaransa walikuwa na haki kusema kwamba katika nchi yenye magazeti machache anayenyimwa ukurasa amenyimwa sauti. Wamarekani walikuwa na haki kusema kwamba ukurasa wenye mwenyewe haugawiwi kwa amri. Mitandao iliyogatuliwa inaondoa sehemu ya ugomvi huo, kwa sababu kila mjibu anao ukurasa wake na hawezi kunyimwa na mwingine. Kwa hiyo hoja ya kumlazimisha mtu binafsi aache kila jibu chini ya jina lake haina nguvu iliyokuwa nayo zamani. Mwanamke anayefuatwa na watusi mia hawezi kuambiwa kwamba lazima awakaribishe wote barazani ili uhuru wa kusema uwe salama.

Yapo mapingamizi mazito kwa msimamo huu. La kwanza ni kwamba mwenye madaraka ataitumia haki hiyo kujikinga na wananchi: atatoa tamko, atafunga majibu, na tamko litasimama peke yake kana kwamba limekubaliwa. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake ni kwamba kiongozi anaposema kwa mamlaka ya ofisi, baraza si lake. Mwezi Machi 2024, katika shauri la Lindke dhidi ya Freed lililohusu meneja wa mji wa Port Huron, Michigan, na ukurasa wake wa Facebook, Mahakama Kuu ya Marekani iliweka kipimo cha sehemu mbili: kwanza, kama ofisa alikuwa na mamlaka halisi ya kusema kwa niaba ya serikali, na pili, kama katika chapisho husika alidai kuyatumia mamlaka hayo. Kipimo hicho kinaweza kuchukuliwa na wasimamizi wa mitandao popote walipo. Haki ya kuchagua majibu ni ya mtu binafsi na haiambatani na cheo.

Pingamizi la pili linahusu wasimamizi wa seva. Mwezi Julai 2019, Gab, mtandao uliojulikana kwa kukaribisha chuki za kibaguzi, ulihamia katika programu ya Mastodon, na seva nyingi zikakata uhusiano nao. Majibu ya watumiaji wake yalitoweka katika nyuzi za wengi bila mahakama wala kamati ya dunia. Uamuzi huo ulikuwa halali, na unathibitisha kwamba ugatuzi haulazimishi mtu kumvumilia kila jirani. Lakini nguvu hiyo hiyo inaweza kutumiwa dhidi ya seva ndogo kwa ugomvi wa wasimamizi wawili, na watumiaji wao wasijue kwa nini rafiki zao wamenyamaza. Mastodon humruhusu msimamizi kutangaza orodha ya seva alizozizuia pamoja na sababu zake. Humruhusu pia kutoitangaza. Makala haya yanaona kwamba kutangaza kungepaswa kuwa desturi, na kutotangaza kuwe kwa sababu maalumu za usalama.

7.0 Kiswahili na Usimamizi wa Majibu

Wasomaji wa Kiswahili wanaguswa na suala hili kwa namna yao. Katika mitandao ya kampuni kubwa, sehemu ya kazi ya kuhakiki machapisho ya Kiafrika ya Facebook ilifanyika Nairobi, chini ya kampuni ya Sama. Mwezi Mei 2022 mhakiki wa zamani aliishtaki Meta na Sama kuhusu hali ya kazi hiyo, na mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Yapo mengi ya kulaumiwa katika utaratibu huo. Hata hivyo, ulikuwa na jambo moja ambalo mitandao iliyogatuliwa haiwezi kulidhania: watu wanaolipwa kwa sababu wanaijua lugha.

Seva ya Mastodon kwa kawaida huendeshwa na watu wachache, wengi wao wakijitolea. Msimamizi aliye Berlin au Toronto anapopokea malalamiko kuhusu jibu la Kiswahili, hutegemea tafsiri ya mashine au orodha ya maneno mabaya. Njia hizo haziwezi kuifikia lugha ambayo matusi yake makali mara nyingi hayana neno baya hata moja. Kijembe kinachotundikwa kwa methali, fumbo lililofungwa kwa maneno ya kanga, au mpasho wa taarabu huweza kumdhalilisha mtu mbele ya hadhira nzima huku kila neno lake likiwa safi katika kamusi. Kwa upande mwingine, maneno yanayoonekana kuwa ya chuki huweza kuwa utani. Mpare anayemjibu Mchaga kwa maneno ya ubahili na mazishi anaweza kuwa anatimiza desturi inayojulikana na pande zote mbili. Msimamizi asiyejua hilo atamfungia mtani na kumwachia mtusi.

Hapa ndipo idara za Kiswahili zinapoweza kutoa mchango ambao hauwezi kutolewa na wengine. Tangu mwezi Machi 2024 Bluesky huruhusu vikundi huru kuweka lebo katika machapisho, na kila msomaji huchagua ni lebo za kikundi gani azifuate. Lebo haimfuti mtu. Inasema tu kwamba wenye ujuzi fulani wamelisoma jibu hili na kuliona kuwa ni matusi, au ni utani, au ni upotoshaji. Wanafunzi wa uzamili wa pragmatiki wakiongozwa na walimu wao wangeweza kuifanya kazi hiyo kwa vigezo vilivyoandikwa na vinavyoweza kujadiliwa, na data watakayokusanya ingekuwa hazina ya utafiti wa matusi, mafumbo na utani katika Kiswahili cha leo. Kazi hiyo ikiachwa, haitabaki bila kufanywa. Itafanywa na wasiojua lugha.

8.0 Hitimisho

Yamependekezwa mambo manne. Kwanza, mwenye kauli binafsi awe na uwezo wa kuchagua majibu yanayokaa chini ya kauli yake, na uwezo huo usimfuate mtu anaposema kwa mamlaka ya ofisi ya umma. Pili, kila uzi umwarifu msomaji iwapo kuna majibu yaliyofichwa, yaliyozuiwa au ambayo huenda hayakufika, hata kama maneno yake hayaonyeshwi. Panapowezekana, sababu itajwe: kama ni uamuzi wa mwenye kauli, wa msimamizi, au ni upungufu wa njia. Tatu, wasimamizi watangaze seva walizozizuia na sababu zao. Nne, istilahi za Kiswahili zitenge mambo manne yaliyojadiliwa, ili anayepuuzwa asidhani amefutwa, na aliyefutwa asiambiwe kwamba amepuuzwa tu.

Pendekezo la pili ndilo la msingi. Litapingwa kwa hoja kwamba kumwarifu msomaji kuhusu jibu lililofichwa ni kumwonyesha mtusi kwamba amefaulu kufika. Hoja hiyo ina uzito pale idadi ya majibu yaliyofichwa inapokuwa ndiyo tuzo ya watusi, na kwa sababu hiyo si lazima idadi itajwe. Inatosha msomaji ajue kwamba uzi alio nao haujakamilika. Anayejua kwamba mlango umefungwa hatadhani kwamba nyumba haina watu, na ataamua mwenyewe kama aulize kwingine au aende zake.